Maji Yaliyozidi Alama

Mtu akikiri kosa kabla hajaulizwa, askari wengi humshukuru Mungu na kwenda kunywa chai. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kuinywa yake. Aliliweka jalada mezani pa Inspekta, akalipigapiga kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto alale, akasema kesi hiyo imeiva yenyewe. Fundi vioo ametengeneza tangi la samaki kwa gundi mbichi. Tangi limevuja, maji yamefika kwenye umeme, na mfagiaji wa kliniki ya meno ameyakanyaga jana asubuhi akafa. Fundi mwenyewe amekiri na kutia dole gumba. Kesho anapelekwa mahakamani, na Inspekta aende akaitazame kliniki kwa sababu tu sheria inataka mtu akaitazame.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, ambaye kituo kizima kilimwita Kinyonga akiwa ameshapita. Si kwa kubadilika rangi, kwa mwendo. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Utani huo aliujua na hakuujali, kwa kuwa waliokimbia aliwakuta mara nyingi njiani wakirudi. Alilisoma jalada akiwa amesimama mpaka akafika palipoandikwa kwamba marehemu na mshtakiwa ni ndugu wa tumbo moja, dada mkubwa na mdogo wake wa kiume. Hapo akavuta kiti akaketi.

Kabla ya kwenda kliniki alishuka chumba cha mahabusu. Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu ameipandisha juu, vidole vimejaa makovu madogo ya vioo. Hakusubiri salamu.

"Andika tu, Afande. Gundi ilikuwa mbichi. Nimemuua dada yangu."

"Imeshaandikwa," Inspekta alisema. "Mimi nimekuja kuuliza kazi. Tangi jipya mnalijaribuje?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya msibani. Lakini fundi ni fundi; ukimgusa kwenye kazi yake hata akiwa kaburini atajibu. Akaeleza. Tangi jipya halitiwi samaki hata mmoja kabla ya kujaribiwa. Unaliweka kwenye meza yake, unaweka pima maji juu uone halikuinama upande. Unatandika magazeti makavu pande zote za kitako, na mengine sakafuni, kwa sababu gazeti likipata tone moja tu linakuumbua. Unajaza taratibu, unasubiri, unajaza tena, mpaka maji yapite kimo ambacho samaki watakihitaji. Kisha yeye hubandika kipande cha utepe mwekundu kwenye kioo, ukingo wa chini wa utepe ukigusa maji. Hapendi utepe uyafunike maji. Akirudi kesho yake akakuta maji na utepe vimeachana, anajua tangi lina kidonda.

"Na umeme?"

"Hakuna umeme karibu na tangi linalojaribiwa. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Nilimwambia daktari."

Inspekta aliuliza habari ya gundi. Gundi ile ya silikoni, fundi alisema, ilitakiwa kuachwa wiki nzima ikauke. Daktari alikuwa anamharakisha, sebule mpya ya wagonjwa ilikuwa inazinduliwa, naye akajaza maji gundi ikiwa na siku chache tu. Hakuwa na ubavu wa kumkatalia. Ile kazi aliipata kwa mdomo wa dada yake, aliyefagia pale miaka mingi na kumwambia daktari kwamba mdogo wake ana mikono. Ni dada huyohuyo aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Juzi jioni ndiye aliyemsaidia kutandika magazeti, akiimba.

"Nikamwonyesha utepe," fundi alisema. "Nikamwambia, dada, kesho wewe ndiye wa kwanza kuingia, uangalie hapa. Maji yakishuka, tumeumbuka."

Akaufunika uso kwa mikono yake. Inspekta akatoka bila kumwambia neno la faraja, kwa kuwa hakuwa nalo.

Kliniki ilikuwa imefungwa. Mlangoni alisimama Koplo, kijana mrefu aliyejaliwa maneno kuliko nyama. Aliisukuma milango akaeleza kwamba swichi kuu imezimwa na waya wa umeme uliokuwa sakafuni umechukuliwa jana, leo hakuna kilichoguswa, na kwamba yeye binafsi tangu leo hatafuga samaki.

Sebule ilikuwa na meza ya mapokezi, viti vya miguu ya chuma vimepangwa ukutani kwa mstari ulionyooka, na kwenye ukuta wa mbele, kando ya dirisha la barabarani, tangi lenyewe. Lilikuwa na urefu wa mlango uliolazwa, limekaa juu ya meza ya chuma, na ukingo wake wa juu ulimfika Inspekta kwenye paji la uso. Ndani hamkuwa na kitu ila maji. Inspekta alilizunguka mara moja, akapiga goti kwa shida, akapitisha kiganja sakafuni chini ya meza.

"Koplo, nani amepiga deki hapa?"

"Jana tulifuta yale maji, Afande. Leo hakuna aliyegusa."

Sakafu ilikuwa kavu kama ukurasa. Inspekta alibaki kapiga goti. Tangi lililovuja jana hata likaua mtu, leo lingekuwa linavuja bado. Maji hayana likizo.

Koplo alikuwa na jibu, na halikuwa jibu la kijinga. Gundi mbichi, alisema, hukauka. Jana alfajiri ilikuwa haijashika, maji yakapenya; mchana ikashika, ikajiziba yenyewe. Kidonda kimepona. Inspekta aliipenda hoja hiyo, na ndiyo iliyomkera, kwani ilikubaliana na fundi neno kwa neno. Akaanza kujiona mjinga aliyetumwa kuangalia mlango uliofungwa, akang'ang'ania kuusukuma.

Akageukia magazeti. Yale ya pembeni mwa kitako yalikuwa bado mahali pake, hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Ya mbele yalikuwa yamekunjamana, wino umechuruzika. Hayo yalilowa na kukauka. Ya nyuma na ya pande mbili yalikuwa yamenyooka, unaweza kuyasoma. Akavuta moja la mbele, sehemu iliyokuwa imebanwa chini ya kitako cha tangi. Hapo nalo lilikuwa limenyooka. Gazeti lililowa mgongoni, tumboni hapana.

"Tangi linavuja chini," Inspekta alisema polepole, "linalowesha gazeti juu."

Koplo aliinama akaligusa gazeti kwa kidole.

"Na utepe uko wapi?"

Ulikuwa kwenye kona ya kushoto, mwekundu, upana wa vidole viwili. Maji yalikuwa yamekaa sawasawa na ukingo wake wa juu. Koplo akasema basi, hayajashuka hata kidogo, yapo kwenye alama. Inspekta akatazama, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akatazama tena. Fundi alisema ukingo wa chini. Alilijaza mpaka ukingo wa chini.

"Hayapo kwenye alama, Koplo. Yamepita alama. Tangi limemwaga maji sakafuni na kuongezeka ndani."

"Basi limevujia ndani, Afande," Koplo alisema, na hakuwa na uhakika kama anatania.

Kuanzia hapo Inspekta alichanganyikiwa kwelikweli, na alikuwa wa kwanza kukubali. Alikaa kwenye kiti kimojawapo, mikono magotini, akaliangalia lile tangi kama mgonjwa anayesubiri kung'olewa jino. Kama maji yameongezeka, mtu ameyaongeza. Ameyaongeza lini? Kabla ya kifo, kwa nini? Baada ya kifo, ili kumficha nani? Mwenye faida ya maji kuonekana yako kwenye alama ni fundi, naye yuko rumande tangu jana, anajilaumu kwa nguvu zote. Mwenye faida ya tangi kuonekana limevuja ni yule ambaye umeme wake ulikuwa sakafuni. Akaagiza daktari wa meno aitwe.

Daktari alikuja amevaa koti jeupe ingawa hapakuwa na mgonjwa. Alijibu kila swali kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu waliofumbuliwa midomo wasioweza kumbishia. Hakumharakisha fundi. Tangi hakuligusa. Waya wa ekstensheni uliokuwa sakafuni anadhani ulikuwa wa fundi, mafundi wana vitu vingi. Alipofika asubuhi alimkuta mpokezi wake anapiga kelele, akakimbilia swichi kuu, kisha wakamvuta yule mama pembeni, na alikuwa ameshakata roho.

"Tangi ulilionaje wakati huo?"

"Linavuja. Niliona kwa macho yangu, maji yanatiririka kwenye kioo."

"Kioo cha wapi?"

"Cha mbele. Kutoka huku juu mpaka chini." Alionyesha kwa kidole.

Inspekta alimshukuru, akamwomba asiondoke. Daktari huyu alikuwa na lake moyoni, hilo lilionekana. Lakini mtu aliyeongeza maji ili kumsingizia fundi asingekuja kusema maji yalitoka juu. Huyo angesema yalitoka chini. Dhana ya daktari kumimina maji ikafa palepale, na Inspekta akabaki mikono mitupu kuliko alipoingia.

Akabaki mpokezi. Alikuwa msichana mwenye macho yaliyovimba, anamwita marehemu mama. Inspekta alimketisha mbali na tangi.

"Mwanangu, usinieleze alivyokufa. Nieleze ulivyopanga chumba baadaye."

Msichana akashangaa. Hakupanga kitu, alisema. Kisha akakumbuka kwamba alipanga. Wakati daktari amekwenda kupiga simu, yeye, mikono haijui ifanye nini, akarudisha kiti kwenye mstari. Wagonjwa wa saa mbili walikuwa karibu kuja. Akaichukua na ndoo iliyokuwa kando yake akairudisha stoo. Alisema hayo kwa aibu, kana kwamba ameiba.

"Kiti kilikuwa wapi?"

"Pale. Kimegusana na tangi."

"Kimegeuka wapi?"

"Mgongo wake ulikuwa upande wa ukuta, karibu na dirisha. Nilidhani mama alikaa apumzike."

Inspekta akamwuliza tambara la deki lilikuwa wapi. Msichana akasema lilikuwa stoo, kwenye kamba yake, na lilikuwa kavu, maana alilichukua afute yale maji akakumbuka daktari amemkataza kuyagusa. Koplo aliyekuwa anasikiliza akatikisa kichwa. Hakuona ajabu ya tambara kavu. Inspekta aliiona. Mfagiaji wa miaka mingi, akiingia akute maji sakafuni, hatashika ndoo bila tambara, na hatavuta kiti. Yule mama hakuyakuta maji sakafuni. Alipoingia, sakafu ilikuwa kavu.

"Koplo, lete hiyo ndoo. Jaza maji."

Akakiweka kiti mahali msichana alipoonyesha, akavua viatu, akapanda. Koplo alimshika kiuno kwa adabu na hofu, akimwomba Afande amwachie yeye, mkuu asije akamwandikia barua. Afande hakusikia. Sakafuni na pembeni mwa kitako alikuwa ameshatandika magazeti mapya, makavu. Akaiinua ndoo hadi usoni. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na pale juu mtu hana pa kuegemea isipokuwa kile kioo ambacho anaogopa kukigusa. Akaielekeza kwenye ukingo. Kiasi kiliingia ndani. Kilichobaki kilifuata ubavu wa ndoo, kikashuka kwenye kioo cha mbele, kikayapiga magazeti ya mbele kutoka juu, kikadondoka sakafuni. Ya nyuma hayakupata hata tone.

Wote watatu wakayatazama maji yakitafuta njia. Yalikwenda taratibu kuelekea dirishani, yakajikusanya kwenye kipande cha sakafu kilichokuwa chini kidogo.

"Ekstensheni ilikuwa wapi?" Inspekta aliuliza akiwa bado juu ya kiti.

Mpokezi alinyoosha mkono. Maji yalikuwa yamekaa palepale.

"Na ni ya nani?"

Msichana aliutazama mlango wa chumba cha daktari. Halafu akaamua. Daktari alitaka taa iwake nyuma ya kioo usiku kucha, wapita njia waone sebule mpya. Fundi alikataa. Alipokwisha kuondoka, daktari akatoa waya wake kabatini.

"Mimi ndiye niliyechomeka," msichana alisema, "lakini si mimi niliyesema."

Akalia. Inspekta akashuka, akamshika bega, akamwambia maneno hayohayo atayasema tena mbele ya karani, na kwamba hakuna atakayemfukuza kazi kwa hayo, jambo ambalo hakuwa na hakika nalo na alijichukia kidogo kwa kulisema. Kisha akamwagiza Koplo ampeleke daktari kituoni, na koti lake jeupe akipenda.

Yeye alibaki. Alichukua magazeti mengine makavu akatandika upya, akakaa kwenye kiti hadi adhuhuri ikapita, kwa sababu hakutaka mtu yeyote, hasa fundi, aje kumwambia labda linavuja. Alipoyainua, yalikuwa makavu kama alivyoyaweka. Tangi lilikuwa zima. Gundi mbichi ilikuwa imeshika kuliko watu wote waliohusika na jambo hilo.

Njiani kurudi alijipa kazi ngumu ya kutafuta namna ya kuusema ukweli nusu. Kwa mkuu ilikuwa rahisi: waya, taa, amri ya daktari. Fundi angeachiwa leo leo bila kuambiwa zaidi ya kwamba tangi lake halikuvuja. Lakini wakili yeyote mwenye akili angesimama mahakamani aulize yule mama alipanda kwenye kiti kufanya nini, na jibu alikuwa nalo mtu mmoja tu.

Fundi alikuwa bado kwenye benchi. Inspekta aliketi kando yake, si mbele yake.

"Tangi halivuji," alimwambia.

"Linavuja, Afande. Kona ya nyuma. Niliiogopa tangu mwanzo."

"Kona ya nyuma nimeitandikia gazeti mwenyewe. Kavu. Hakuna tone lililopita kwenye gundi yako, si jana, si leo."

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha uso wake ukafunguka kidogo, furaha ya fundi ambayo hata msiba haukuweza kuizuia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe kazi ilikuwa nzima. Akairudia. Inspekta alitamani kuondoka wakati huo.

"Ulipomwonyesha dada yako utepe," alisema, "ulimwambia maji yawe ukingo upi?"

"Ukingo?" Fundi alifikiri. "Nilimwonyesha utepe tu. Nilimwambia yasishuke."

Fundi alikuwa ameanza kuliona mwenyewe: alfajiri, dada yake anawasha taa ya sebule, anakwenda kwanza kwenye tangi kabla hata ya kutundika mkoba wake. Anautazama utepe, anaukuta wote uko juu ya maji, vidole viwili vizima. Na daktari yuko njiani.

"Alidhani yameshuka," fundi alisema.

"Alidhani yameshuka."

"Akaongeza. Nisiaibike."

"Ndiyo."

Nje ya mlango sauti ya daktari ilisikika ikidai kumpigia mtu simu, na sauti ya mkuu wa kituo ikimjibu kwa upole usio wa kawaida yake. Fundi hakuzisikia. Alikuwa ameiweka mikono yake juu ya magoti, viganja juu, anavitazama vile vidole vyenye makovu.

"Afande," alisema, "ungeniachia kosa la gundi yangu."

Koplo alikuja na funguo, akaufungua mlango wa mahabusu hadi mwisho, akasimama pembeni ampishe. Fundi hakuinuka.